Bahari Huchafuka, Mji Huchafuliwa

Mabishano yalizuka barazani, baada ya alasiri, kahawa ingali moto. Kijana mmoja ajitahidiye kufasiri tamthilia za Kiingereza alilalamika kwamba Kiswahili kimemwangusha: hakina neno la kubeba uzito wa neno la Kiingereza "havoc". Mzee mmoja akamjibu papo hapo, "Sema fujo, mwanangu, basi." Wengine nao wakaongeza yao: ghasia, vurugu, zahama, rabsha, sokomoko, machafuko. Baraza zima likacheka, na kijana akainamisha kichwa. Alidai lugha ni maskini, naye akamwagiwa utajiri mbele ya macho yake.

Mimi sikucheka. Niliondoka pale nikiwa na yakini kwamba pande zote mbili zimekosea. Kijana alikosea kudhani kwamba lugha yetu haina neno. Wazee wangu, kwa heshima zao zote, walikosea zaidi, kwani walidhani kila neno la rabsha lafaa kuziba kila pengo. Kosa hilo la pili halikai barazani tu. Limo magazetini, limo katika vitabu vya historia, limo katika tungo zetu, na madhara yake ni makubwa kuliko kosa la mfasiri mmoja. Nakusudia hapa kulifuata neno hilo la kigeni hadi kwao, kisha nirudi nalo pwani, nioneshe kwamba ugonjwa uliolipata kule umekwisha kuingia katika maneno yetu wenyewe.

Ama asili yake, "havoc" halikuzaliwa na maana ya fujo. Lilizaliwa likiwa ukelele wa vita. Katika Kifaransa cha kale palikuwa na neno "havot", maana yake uporaji, na watu wa zama hizo walisema "kupiga ukelele wa havot". Wakuu wa Uingereza, ambao baada ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066 walitumia Kifaransa kwa karne kadhaa, walilitamka "havok". Ukelele huo ulikuwa ishara. Ukishatolewa, safu huvunjika, na kila askari ameachiwa ateke alionalo: mifugo, nguo, fedha, mateka. Kabla ya ukelele, aliyepora alikuwa mwizi. Baada ya ukelele, aliyepora alikuwa mtiifu.

Ndiyo maana wafalme waliliogopa neno hili. Mwaka 1385, Richard wa Pili alipokuwa njiani kwenda kupigana na Waskoti, alitoa amri za vita katika mji wa Durham. Mojawapo ilimkataza mtu yeyote kuthubutu kupiga ukelele wa "havok", na adhabu yake ilikuwa kukatwa kichwa. Katika karne iliyofuata, amri za Henry wa Tano zikaurudia mkatazo huo na kupambanua: aliyeanza kupiga ukelele auawe, na waliomfuata wafungwe. Msomaji aitazame sheria hiyo kwa makini. Wale watu hawakuandika kwamba fujo ni haramu. Fujo haina kichwa cha kukatwa. Walimtafuta mwenye mdomo, wakamtenga na mwenye kuitikia, na kila mmoja wakampimia hukumu yake. Tunaweza kuwalaumu wafalme hao kwa mengi, lakini hawakujidanganya kwamba mji hujiporea wenyewe.

Shakespeare aliipokea maana hiyo ingali hai. Katika tamthilia yake ya Julius Caesar, ambayo inaaminika ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1599, Antony anabaki peke yake na maiti ya rafiki yake, anaagua kwamba roho ya marehemu itarudi kudai kisasi, na kwamba itautoa ukelele huo kwa sauti ya mfalme. Hata mzimu, basi, ulihitaji cheo ndipo uweze kuamuru uporaji. Katika Coriolanus mzee mmoja anawasihi viongozi wa umma wasiupige ukelele huo pale ambapo kibali cha kuwinda kwa kiasi kingetosha. Hapo tofauti imewekwa wazi: kibali cha kuwinda kina mpaka, ukelele huu hauna.

Tamthilia hiyo ya kwanza si ngeni kwetu. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili, tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa hiyo neno hili limekwisha kubisha hodi mlangoni petu kwa zaidi ya miaka 60. Nisemayo hapa hayamhusu Mwalimu. Yanatuhusu sisi tuliokuja nyuma yake, ambao tuna makamusi mezani na bado tunajibu "fujo, basi".

Je, neno lilipotelewaje na mwenyewe? Polepole, kama kamba inavyokatika uzi baada ya uzi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Sauli anatajwa kuwa alifanya "havoc" juu ya kanisa. Ukelele umekwisha kutoweka, lakini mtenda yupo na jina lake lipo. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iitwayo Union walitumia hapo kitenzi cha kuharibu, na mtenda wakambakisha mahali pake. Karne zilipopita, mtenda naye akatoka. Leo Mwingereza husema kwamba upepo umefanya "havoc", kwamba mvua imefanya "havoc" barabarani, kwamba pilipili imefanya "havoc" tumboni. Kitenzi anachokiambatanisha nalo mara nyingi, "wreak", zamani kilikuwa na maana ya kulipiza kisasi au kuadhibu. Hivyo, bila kujua, anasema kwamba upepo umelipiza kisasi kwa kibali cha kupora. Nani aliyeupa upepo kibali?

Atakuja mtu aniambie kwamba lugha hai hubadilika, na kwamba kuyalilia maneno ya kale ni kazi ya wenye nafasi. Nakubali kwamba hubadilika. Kiswahili chenyewe kisingefika hapa kilipo bila mabadiliko. Lakini mabadiliko yakiwa siku zote ni ya upande mmoja, kutoka mdomoni mwa jemadari kwenda kwenye upepo, tuna haki ya kuuliza nani aliyefaidika. Upepo haushtakiwi. Upepo hauombi radhi, wala haurudishi mali.

Sasa turudi pwani, kwani neno hili lilitufika kwa vitendo kabla hatujalisikia kwa matamshi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliwasili Kilwa na merikebu za mfalme wa Ureno. Mji ukaingiwa, mapadri wakashuka na misalaba, na sala ilipokwisha askari wakaingia kupora bidhaa na vyakula. Agosti ya mwaka huo huo zamu ikawa ya Mombasa. Mji ulitiwa moto, ukapiganiwa njia kwa njia, na uliposhindwa Almeida aliamuru uporwe: kila mtu apeleke merikebuni alichokipata, ili wakati wa kugawa apewe fungu moja katika kila mafungu 20 ya alichokileta. Habari hizi hazikutungwa na mahasimu wa Wareno. Ziliandikwa na waliosafiri nao, na waliziandika bila haya.

Fungu moja katika 20! Hebu tuliweke neno "ghasia" kando ya hesabu hiyo, tuone kama litakaa. Ghasia haina karani. Ghasia haigawi mafungu, wala haipakii merikebu kwa utaratibu. Yaliyotokea Mombasa yalikuwa "havoc" kwa maana yake ya mwanzo kabisa, yaani amri, ruhusa na ngawira. Na sisi, wajukuu wa waliotekwa, tukisimulia habari hizo husema: "Mji uliharibika walipokuja Wareno." Uliharibika! Kama embe liliposahauliwa kabatini.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, nacho kimo katika sarufi yetu tuliyofundishwa chuoni na shuleni. Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kina kauli ya kutendeka. Nyumba iliyochomwa ina aliyeichoma, hata kama hatumjui. Nyumba iliyoungua imeungua tu. Labda ni taa, labda ni majaaliwa. Mali iliyoporwa ina mporaji. Mali iliyopotea huenda ikaonekana kesho chini ya kitanda. Lugha imetupa milango miwili, na kila mara tunapoingia kwa mlango wa kutendeka pahali pa kutendwa, tunamwachia mtu atoke kwa nyuma.

Neno "machafuko" ndilo mlango mkubwa kuliko yote. Kila aliyelelewa visiwani anajua asili yake, kwani nahodha akitazama nje ya mwamba husema, "Leo bahari imechafuka." Husema hivyo kwa haki. Bahari huchafuka yenyewe, kwa pepo na mikondo, na mwenye akili huifunga ngalawa yake akasubiri. Tulipolichukua neno hili baharini tukalipandisha mjini, tulipandisha nalo tabia yake yote. Mji "ukichafuka", mwenye akili hujifungia ndani akasubiri utulie, na ukishatulia haulizwi mtu, kama vile hakuna aulizaye baada ya kusi kupita. Lakini mji si bahari. Mji huchafuliwa. Mchafuzi yupo, na neno lake limo katika lugha, ila hatulitumii.

Maneno mengine yetu ni ya kweli zaidi tukiyasikiliza. Vurugu imetoka katika kuvuruga, na maji ya kisima hayavurugiki bila mtu kutia fito. Fitina, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ina mfitini wake. Hujuma ina mhujumu. Uporaji una mporaji. Ngawira ina aliyenyang'anya na aliyenyang'anywa. Utajiri uliomwagwa barazani siku ile ulikuwa wa kweli, lakini tuliumwaga kama mtu amwagaye vito na kokoto pamoja, kisha akasema vyote ni mawe.

Waliotutangulia hawakuwa na uzembe huu. Mwaka 1888 Wajerumani walipoitwaa miji ya mwambao wa Mrima, wakakabiliwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani, walivipa vita hivyo jina lao: uasi wa Waarabu. Kwa jina hilo mwenye nchi akawa mwasi na mgeni akawa mwenye amani iliyovunjwa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vile vile, nao unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Jina hilo peke yake ni somo. Ni vita vya nani? Vya Wadachi. Walitaka nini? Kutamalaki. Walitaka kutamalaki nini? Mrima. Mtenda, tendo na mtendwa, wote wamo katika mstari mmoja wa jalada, na hakuna aliyepewa nafasi ya kujificha nyuma ya dhoruba.

Miaka michache baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza chini ya Admiral Harry Rawson ziliipiga mizinga kasri ya Unguja alimokuwamo Khalid bin Barghash. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa kwa muda wa dakika zisizozidi 45. Tukio hilo limeingia katika vitabu vya mambo ya ajabu kuwa ndiyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na wageni wetu hulisimulia kwa tabasamu wakipita Forodhani. Wamehesabu dakika, wakaacha kuhesabu mtenda. Februari 1897 Rawson huyo huyo aliongoza majeshi kuuvamia mji wa Benin, katika Nigeria ya leo. Mji ulichomwa, na maelfu ya sanamu za shaba na pembe yakachukuliwa, ambayo hadi leo mengi yamo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Waingereza waliuita "msafara wa kuadhibu". Kuadhibu, na kupora: ndiyo maana ya mwanzo ya maneno yao mawili wanayoyaambatanisha leo juu ya upepo.

Na tusidhani kwamba haya ni ya wageni tu. Tarehe 27 Januari 2001, katika maandamano ya wapinzani yaliyofuata uchaguzi wa Oktoba 2000, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Unguja na Pemba. Watu zaidi ya 30 waliuawa, akiwamo askari wa polisi, na zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Shimoni, Kenya. Wako miongoni mwetu wanaoziita siku zile "machafuko ya Januari", na wasemao hivyo si wa upande mmoja wa siasa. Tumelizoea neno kwa kuwa linatupunguzia maumivu ya kutajana. Lakini mjane wa mwandamanaji na mjane wa askari wote wawili hawakufiwa na hali ya hewa. Kila mmoja wao ana haki ya sentensi yenye mtenda.

Nazijua hoja mbili zitakazoletwa kunipinga. Ya kwanza ni ya waandishi wa habari: kwamba siku ya tukio hawamjui mtenda, na kumtaja mtu bila ushahidi ni dhuluma nyingine. Hoja hii ni nzuri, na jawabu lake limo katika lugha tayari. Sema "duka lilivunjwa", usiseme "duka lilivunjika". Kauli ya kutendwa haimtaji mtu, lakini inamwekea kiti kitupu, na kila msomaji anakiona kile kiti na kuuliza nani atakikalia. Tahadhari ya mwandishi imehifadhiwa, na ukweli haukuzikwa.

Hoja ya pili ni kwamba yapo maafa yasiyo na mtenda kweli, na tukimtafuta mtu katika kila tetemeko tutaishia kuwindana. Nakubali, na ndiyo maana nasema bahari iachiwe neno lake. Lakini hata huko tusiwe wepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Wengi wetu tulisoma hitima za watu tuliowajua. Mkondo ulikuwapo, ndiyo, nao ni mkali tangu babu zetu. Lakini meli ile ilipakiwa watu na mizigo kupita kiasi chake, na "ilipakiwa" ni kauli ya kutendwa. Mkondo haukuwakatia abiria tiketi.

Nawageukia sasa washairi, kwani gazeti hili ni lao kuliko la yeyote. Tumezoea kutunga juu ya dunia iliyoharibika, zama zilizogeuka, mji uliopotea. Beti hizo huja kwa urahisi, vina vyake ni tayari, na msomaji hutikisa kichwa kwa huzuni asijue anamhuzunikia nani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alipoyaangalia magofu ya Pate alikuwa na sababu ya kuiachia dunia na wakati viseme, kwani alikuwa akiuonya moyo wake juu ya akhera. Sisi tunaiazima huzuni yake bila ya toba yake. Tunatunga juu ya ufukwe "uliotoweka", ilhali ufukwe umezungushiwa ukuta. Tunalilia mikoko "iliyokwisha", ilhali imekatwa. Shairi halilazimiki kuwa shitaka, lakini mshairi anayejua uzito wa kila mizani hana udhuru wa kutojua uzito wa kiambishi kimoja cha kitenzi.

Na kijana wa barazani? Nilipokutana naye tena nilimwambia aache kutafuta jina la fujo, atafute amri. Aliye jukwaani pale si mtu anayeelezea rabsha. Ni mtu anayesikia, kabla ya wakati wake, sauti ya mkuu ikiwafungulia askari mlango. Kiswahili kina amri za wengi zinazotosha: "Poreni!" ni moja, "Tekeni!" ni nyingine, na atakaye neno moja la kunguruma ana "Ngawira!" Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa, maalim, watazamaji si watauliza ni nani anayeamuru?"

Nikamwambia ndiyo, na wakiuliza hivyo, tafsiri yake imefaulu.